Milango miwili, tairi nne zinazovuta: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Maswali mengi mliyotuma safari hii ni ya gari la aina moja: la spoti, milango miwili, linalovuta kwa tairi zote nne. Nimechagua yale yanayogusa barabara zetu.

Shikamoo. Nataka kuagiza Audi TT quattro au BMW 4 Series xDrive, yote ya kuvuta tairi nne. Huwa napanda Lushoto kuwaona wazazi. Lipi linashika barabara zaidi, na lipi lina thamani? (Kijana wa Kange)

Marahaba. Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona: huku ukuta wa mlima, huku bonde, na lami yenyewe nyembamba. Pale mbio hazina kazi. Angalia gari linafanya nini ukikanyaga mafuta katikati ya kona.

Injini ya TT imelazwa kwa upana, na tairi za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa. Za nyuma hupelekewa nguvu na klachi iitwayo Haldex, iliyofungwa kwenye difu ya nyuma, yaani gia zinazogawia nguvu tairi za kushoto na kulia. Ukiingia kona na mwendo mkubwa, usukani unakuwa mwepesi ghafla na pua inaanza kutafuta ukingo wa nje. Ukipunguza mafuta taratibu, linarudi kwenye mstari. BMW limepangwa tofauti: katika mwendo wa kawaida asilimia 60 hivi ya nguvu inakwenda nyuma, kwa hiyo linatoka kwenye kona likisukumwa badala ya kukokotwa. Kwa utamu wa kuendesha, BMW linashinda.

Kwa thamani nachagua TT, toleo la pili lililotoka 2006, lenye injini ya lita 2.0. Sehemu kubwa ya bodi ni aluminiamu, kwa hiyo ni jepesi kuliko BMW ambalo linapita kilo 1,500, na vifaa vyake vingi vya ndani ni vya ukoo mmoja na Volkswagen Golf. Hapo mtu wa spea anakuelewa. Ukiangukia toleo la kwanza la mwishoni mwa miaka ya 1990, hakikisha lina spoila ya nyuma na mfumo wa kuzuia kuserereka. Ya mwanzo yaliyumba kwenye mwendo mkali huko Ujerumani, yakapata ajali, na kiwanda kikayaita yarudi kurekebishwa.

Jambo moja nakuomba ulishike: kuvuta kwa tairi nne hakusaidii kusimama. Gari lolote lina breki nne. Ukiteremka kuelekea Soni weka gia ndogo, injini ikushikie gari.

Nimeona Subaru BRZ kwa bei nzuri. Subaru zote si zinavuta nne? (Dada wa Chumbageni)

Hapana, dada. BRZ inasukumwa na tairi za nyuma peke yake, sawa na pacha wake Toyota 86. Ni gari zuri sana la kona, jepesi na usukani wake unasema kweli. Ila kama sababu yako ni matope na mvua za masika, hilo silo.

Mimi ni mtu wa Safari Rally tangu zamani. Je, Toyota Celica ya siku zile bado inafaa kununuliwa? (Mzee wa Ngamiani)

Shikamoo mzee. Celica iliheshimisha barabara za Afrika Mashariki: Carlos Sainz 1992, Juha Kankkunen 1993, Ian Duncan 1994, wote walishinda Safari nchini Kenya kwa gari hilo. Jina la kutafuta ni GT-Four, lenye injini ya 3S-GTE yenye turbo. Hapa ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia: Celica nyingi zilizo sokoni zinavuta mbele tu, na toleo la mwisho, lililoanza 1999, halikuwahi kutoka na tairi nne. Lala chini ya gari, mzee, au mtume kijana. Kama huoni propela inayokwenda nyuma, si GT-Four, hata kama nembo imebandikwa.

Nissan Skyline GT-R R32 ni ya zamani kuliko mimi. Mbona bei yake inapanda? (Kijana wa Pongwe)

Kwa sababu Wamarekani waliingia sokoni. Sheria yao inalegeza masharti ya kuingiza gari nchini likifikisha miaka 25, na R32 za 1989 zilifika hapo 2014. Mfumo wake bado ni wa ajabu: unasukuma nyuma, kisha unapeleka nguvu mbele pale tu tairi za nyuma zinapoteleza, na kwa mfumo huo lilishinda mbio zote 29 za ubingwa wa magari ya kawaida Japani kuanzia 1990 hadi 1993. Ukilinunua, umenunua mali ya kutunza. Usilipeleke kila siku kwenye rasta na matuta ya barabara ya Segera.

Fundi kaniambia nibadilishe tairi mbili tu, za mbele. Ni sawa?

Si sawa, tena ndiko magari haya yanakofia. Tairi mpya ni kubwa kidogo kuliko iliyolika. Ukiweka mpya mbele na za zamani nyuma, mbele na nyuma zinazunguka kwa kasi tofauti hata njia ikiwa nyoofu, na klachi au difu ya kati inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Chukua utepe wa fundi cherehani, zungushia kila tairi, uandike. Zote nne ziwe sawa, chapa moja, saizi moja.

Na kabla hujalipa, peleka gari kwenye uwanja mtupu, kata usukani wote, uzunguke polepole. Likisita, likikaza kama limevutwa breki ya mkono, sukari ya muuzaji isikulaze. Ondoka.

Kodi je?

Injini inayozidi cc 2,000 hutozwa ushuru mkubwa zaidi, na gari lililofikisha miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu. Fungua kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela Japani.

Naishi Raskazone. Chumvi ya bahari ina madhara?

Ina madhara makubwa. Osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, hasa ndani ya matao ya tairi za nyuma na mabomba ya breki. Magari haya yana vyuma vingi huko chini kuliko mengine, na kutu hushika hata bolti za difu ya nyuma. Siku ya kuifungua, fundi atalazimika kuzikata kwa moto.