Nimevaa gwanda, lakini sitaki kura iwe malipo ya gwanda

Mhariri na wasomaji wenzangu, swali lenu la wiki hii ni kama haki ya kupiga kura ibaki kwa kila raia mtu mzima au wapewe tu wale waliotumikia jeshini au kwenye utumishi wa umma. Najibu hapana, tena hapana ya mtu ambaye kuna kipindi angejibu ndiyo bila kusita.

Mimi nimepita jeshini. Sio askari wa kudumu, ni yale mafunzo ya lazima baada ya kumaliza shule, lakini nimelala kwenye hanga, nimeamshwa usiku wa manane kwa filimbi, nimepigishwa kwata mpaka nyayo zikachubuka, na ukishapita kule kuna kitu kinakuingia, unaanza kuwaona waliobaki nyumbani kama vile hawajakomaa. Unarudi mtaani unamsikia mtu anabishana habari za nchi kwa sauti kubwa, moyoni unajiuliza huyu naye ameifanyia nini hiyo nchi mpaka aipangie. Kwahiyo wanaosema kura itafutwe kwa jasho nawaelewa na siwadharau hata kidogo. Mtu ambaye serikali inaweza kumwambia nenda kafe, na akaenda, ana neno zito la kuiambia hiyo serikali. Hilo silikatai na sitalikataa.

Kilichonigeuza ni siku ya kwanza kabisa, ingawa wakati huo sikujua kama imenigeuza. Siku ya kuripoti tulipimwa afya. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na kijana mmoja, huyo alikuwa na hamu ya jeshi kuliko sisi wote, kichwa ameshanyoa kipara kabla hata hajaambiwa, buti kanunua mwenyewe. Daktari akamsikiliza kifua, akamuuliza maswali mawili matatu, akaandika kitu kwenye fomu. Pumu. Akaambiwa achukue begi lake arudi nyumbani. Yule kijana alilia pale pale mbele za watu na hakuna aliyemcheka, maana kila mtu aliona kwamba anachonyimwa anakitaka kweli. Sisi wengine, wapo waliokuja kwa kulazimishwa na wazazi, wapo waliokuwa wanatafuta kila njia ya kutoroka, tukaingia.

Sasa chukua utaratibu mnaouuliza. Ile karatasi ya daktari ingekuwa imemfuta kwenye daftari la wapiga kura maisha yake yote, na mimi ambaye nusu ya muda nilikuwa nawaza kulala ningekuwa raia kamili.

Najua jibu lake, kwamba asiyeweza bunduki atapewa utumishi mwingine, hospitali, shule, barabara. Sawa. Nani anasema kazi gani ni utumishi na ipi sio? Kuna dada anamuuguza mama yake aliyepooza, anamgeuza kitandani usiku na mchana asipate vidonda, anamlisha, anamwogesha, miaka sita sasa. Hana mwajiri, hana namba ya utumishi, hana barua ya mtu yeyote inayosema amemtumikia nani. Karani aliyekaa ofisini miaka hiyo hiyo sita akigonga mihuri anayo barua. Mimi hapo ndipo ninapokwama, na naomba mnaosema ndiyo mkae na jambo hili msilipite haraka, kwa sababu orodha ya kazi zinazohesabika itaandikwa na mtu, na huyo mtu ni lazima awe tayari yuko madarakani. Maana yake walioko madarakani ndio watakaochagua nani atawachagua. Leo wataandika jeshi, polisi, walimu na manesi. Kesho wanaona walimu wanawapigia kura vibaya, wanawatoa. Hawajavunja sheria yoyote, wamerekebisha orodha tu.

Na hiki sio kitu cha kufikirika, kimeshafanyika. Kenya chini ya Waingereza, Waafrika walipiga kura kuwachagua wajumbe wao wa baraza la kutunga sheria kwa mara ya kwanza Machi 1957, na utaratibu ulitokana na ripoti ya Walter Coutts, ofisa wa kikoloni. Ilibidi uwe na sifa: elimu, kipato au mali, utumishi wa muda mrefu serikalini au jeshini, na nyingine za namna hiyo, na ukiwa na sifa nyingi unapata kura zaidi ya moja, mpaka tatu. Yaani mtu mmoja anatumbukiza kura tatu na jirani yake hana hata moja. Alafu Wakikuyu, Waembu na Wameru, kwa sababu ya vita vya Mau Mau, wao juu ya hayo yote walitakiwa wawe na cheti cha uaminifu kwa serikali. Mnaona sifa ya utumishi inavyoteleza? Unaanza na swali la umetumikia nini, unaishia na swali la ulikuwa upande wa nani. Na wakati wa Vita Kuu ya Pili maaskari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, walishapigana mpaka Burma dhidi ya Wajapani, wakarudi kwao ambako Mzungu ambaye hakuvuka hata mto alikuwa anapiga kura na wao hawapigi. Kama kweli utumishi ndio ulikuwa unaleta kura, wangekuta sanduku linawasubiri bandarini.

Uingereza kwenyewe nako mambo hayakuwa tofauti sana. Sheria ya 1918 ilishusha umri kwa wanaume waliotumikia kwenye Vita Kuu ya Kwanza, wakaruhusiwa kupiga kura wakiwa na miaka 19, wakati mwanaume wa kawaida alisubiri 21. Hao tuseme walilipwa jasho lao. Waliokataa kupigana kwa sababu ya dhamiri zao wakanyang'anywa kura kwa miaka 5. Lakini hao sio wanaoniuma zaidi, wanaoniuma ni wasichana wa viwanda vya risasi na mabomu. Walikuwa wanajaza baruti kwa mikono, ile kemikali ikawageuza ngozi kuwa ya njano mpaka watu wakawabandika jina la ndege wa njano, wengine ikawaua, wengine walikufa viwanda vilipolipuka. Wengi walikuwa na miaka kumi na kitu, ishirini na kitu. Sheria ikatoka, mwanamke atapiga kura akifikisha miaka 30, tena kwa masharti ya nyumba au mali, yake au ya mumewe. Wasichana wale wakabaki nje, na kura sawa na wanaume wamekuja kuipata 1928. Huo ni utumishi wa vita kabisa na bado haukuhesabika, kwa sababu waliokuwa wanahesabu hawakutaka kuuhesabu.

Kuna anayeniambia basi tatizo ni wahesabuji, tutafute wahesabuji waadilifu. Ndugu yangu, hata ukiwapata, jambo lenyewe lina ugonjwa ndani yake. Angalia Sparta ya Ugiriki ya kale, nchi ambayo kila mpenda jeshi anaitolea mfano. Raia kamili wa Sparta alikuwa ni askari, analelewa kambini tangu utotoni, na ili abaki raia ilibidi kila mwezi apeleke mchango wake wa shayiri, divai, jibini na tini kwenye meza ya pamoja walikokula wanaume. Ukishindwa mchango, uraia wako kamili umeisha, haijalishi wewe ni shujaa kiasi gani. Kwahiyo kila ardhi ilivyozidi kuangukia mikononi mwa wachache, ndivyo raia walivyozidi kupungua. Mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle anaandika kwamba nchi ambayo ardhi yake ingeweza kulisha askari wa miguu 30,000 ilibaki na raia wasiofika 1,000. Mwaka 371 KK kwenye vita vya Leuctra walikuwepo Wasparta kamili kama 700 hivi, wakafa kama 400, na nguvu ya Sparta haikurudi tena. Mlango waliouweka wa kuingilia kwa sifa ndio uliowamaliza, maana mlango wa namna hiyo kutoka ni rahisi na kuingia ni kazi, na wanaobaki ndani hawana sababu ya kuupanua, kila anayetoka anaongeza uzito wa kura ya aliyebaki.

Upande wa pesa sitakaa sana kwa sababu kila mtu anaujua. Marekani kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, sheria ya 1863 iliruhusu mtu alipe dola 300 asiende vitani. Walinunua kutoka. Utumishi ukiwa ndio kura watanunua kuingia, tena nafasi laini, ofisi yenye kivuli, miaka miwili imeisha, cheti hiki hapa.

Hoja ambayo naiheshimu zaidi ni ile ya vita yenyewe, kwamba sio haki mtu ambaye hatapelekwa mstari wa mbele ampigie kura anayepeleka wengine. Nimeifikiria hii muda mrefu. Lakini vita havimchagui aliyevaa gwanda peke yake. Bomu likidondoka kwenye nyumba haliulizi cheti cha kumaliza mafunzo. Mama anayezika mtoto hakuwahi kushika bunduki, mfanyabiashara anayelipa kodi ya vita hakuwahi, mtoto atakayelipa deni la vita bado hajazaliwa. Na hata tukiacha vita, serikali inafanya mangapi kwa siku ambayo sio vita? Inaamua ardhi ya nani ichukuliwe, dawa gani iwepo zahanati, mtu awekwe ndani siku ngapi kabla ya kupelekwa mahakamani. Anayeguswa na hayo ni kila mtu. Mimi naamini kura ni kinga ya anayetawaliwa, ndio maana nasema haiwezi kuwa mshahara wa aliyemfanyia kazi anayetawala. Yule dada na mama yake aliyepooza ndio wanaohitaji kinga kuliko mimi mwenye nguvu zangu.

Watu hupenda kutaja Marekani ya 1971, walipobadilisha katiba kushusha umri wa kupiga kura kutoka 21 mpaka 18, kwa hoja kwamba vijana wa miaka 18 wanapelekwa Vietnam kwa lazima halafu hawana kura. Wanasema umeona, utumishi unaleta kura. Soma tena walichofanya. Hawakuwapa waliokwenda Vietnam peke yao. Walimpa kila mwenye miaka 18, msichana ambaye sheria ile haikumwita kabisa, kijana aliyekataliwa na daktari, wote. Walitumia utumishi wa wachache kama sababu ya kuwafungulia wote. Mnachouliza nyie ni kuutumia kama kufuli. Uswisi walilitumia hilo kufuli muda mrefu, moja ya hoja za kuwanyima wanawake kura ilikuwa kwamba mwanaume ndiye anayebeba silaha, wanaume wakaikataa kura ya wanawake mwaka 1959 wakaja kuikubali 1971, na kuna jimbo dogo, Appenzell Innerrhoden, ambako mwanaume anaruhusiwa kwenda na upanga kwenye mkutano wa kupiga kura, upanga ndio kitambulisho chake, wanawake wa pale waliingia baada ya mahakama ya juu kulazimisha mwaka 1990.

Jambo la mwisho ni la kambini na naliandika kwa sababu waliopita watanielewa. Kule afande ndiye kila kitu. Anaweza kukunyima ruhusa, anaweza kukuongezea adhabu, na mwisho wa mafunzo ndiye anayesema huyu amemaliza na huyu hajamaliza. Tulikuwa tunaogopa cheti kuliko adhabu, na kipindi hicho cheti kilikuwa ni karatasi ya kuombea kazi tu. Kikiwa ndio kura, mwenye kalamu ya kusaini ameshika kura za kambi nzima, na kijana wa miaka kumi na tisa ataimba wimbo wowote atakaoambiwa auimbe. Wapo walioliona hili wakaenda mwisho mwingine kabisa, Brazil kijana akiwa kwenye jeshi la lazima haruhusiwi kujiandikisha kupiga kura mpaka amalize, Guatemala na Jamhuri ya Dominika wanajeshi walioko kazini hawapigi kura kabisa. Sikubaliani nao, askari naye ni raia, lakini hofu yao ya mtu aliye chini ya amri kupiga kura naielewa kwa sababu nimekuwa chini ya amri.

Kwahiyo kama tunataka kuwafanyia jambo wanaotumikia, tuanze na hili. Uchaguzi wa kwanza baada ya mimi kufikisha umri ulinikuta kambini. Nilikuwa nimejiandikisha nyumbani, mwendo wa siku mbili kwa basi, na hakuna aliyekuwa amepanga lolote kwa ajili yetu. Siku hiyo nilipangiwa lindo la getini kuanzia asubuhi. Watu wa kijiji cha jirani walikuwa wanapita barabarani kwenda kituoni wamevaa nguo nzuri, wazee, kina mama na watoto mgongoni, mmoja akanisalimia akaniuliza kijana wewe umeshapiga, nikamwambia bado, akasema basi usichelewe. Zamu yangu iliisha saa kumi na mbili jioni na vituo vilikuwa vimeshafungwa.