Mbatata uani: nilizopanda, zilizooza, na marando ya shangazi

Mbatata zangu za mwanzo, yaani viazi mviringo, nilizichagua kama ninavyochagua za katlesi: kubwa, safi, ngozi laini, hazina hata jicho lililochomoza. Kilo tatu, Mwanakwerekwe, kwa yule yule anayeniuzia siku zote. Asubuhi nikazikata vipande vinne vinne, mchana nikazitia ardhini. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, jua la kaskazi limeshaanza kuchoma. Ukitaka orodha ya makosa ya kupanda mbatata Unguja, imo ndani ya sentensi hizo nne.

Mimi si bwana shamba. Nauza katlesi, badia na kachori barazani kila alasiri, na mwaka ule bei ya mbatata ilipanda mpaka nikapunguza ukubwa wa katlesi. Wateja wakanitania kwamba siku hizi nauza vidonge. Nikasema potelea mbali, uwa ninao, hatua kumi na mbili kwa nane, nitapanda zangu.

Nusu ya vipande vilioza kabla ya kuota. Vilivyoota viliniletea majani mazuri ajabu, yanafika gotini, kijani kibichi, kwa sababu niliyamwagia mbolea ya kuku bila ya hesabu. Mume wangu akapiga picha, akairusha kwenye kundi la familia, watu wakatupa hongera. Nilipofukua nikapata bakuli moja la vitu mfano wa gololi.

Sikujua kwamba mbatata ni mtoto wa baridi. Kwao ni milima ya Andes, huko Peru na jirani zake. Hata hizi tunazokula sisi zinashuka kutoka Njombe, Mbeya na Lushoto. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya bahari; Masingini, kilima chetu tunachojivunia, hakifiki 150. Mbatata hufunga vizuri udongo ukiwa na nyuzi 15 mpaka 20 hivi. Udongo ukikaribia 30, mmea unaendelea kula na kunywa, lakini chakula chote unakipeleka juu, chini hauweki kitu. Ukiuongezea na mbolea ya kuku mbichi ndiyo umeumaliza kabisa. Kwa hiyo ukiona majani yanastawi mwezi wa Januari usiwaite jirani kuyatazama.

Mara ya pili niliogopa joto, nikangoja masika yapite. Nikajiona mjanja. Sehemu niliyochagua ndiyo iliyokuwa na udongo mlaini kuliko zote, kwa sababu nilikuwa nimetoka kung'oa mabiringani pale. Wiki ya sita mmea mmoja ukalala mchana, jioni ukasimama. Kesho yake ikalala mitatu, na haikusimama. Majani bado kijani, udongo una maji, unasema labda jua.

Jamaa mmoja anayelima tungule (nyanya) Mwera akaniambia nikate shina karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole, nikining'inize kwenye glasi ya maji safi, ule mkato uguse maji tu. Nilikiweka dirishani, nikakaa kutazama. Hazikupita hata dakika tano. Uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye mkato, mwembamba, unajipindapinda kama moshi wa udi uliogeuzwa juu chini, na maji ya chini ya glasi yakawa kama yametiwa tone la maziwa. Huo ni mnyauko wa bakteria, na hauna dawa. Unang'oa, unachoma moto, na mahali pale hupandi tena mbatata, tungule, biringani wala pilipili kwa miaka kadhaa, maana wote hao ni ukoo mmoja na ugonjwa wao mmoja. Mimi pale nimeweka mahindi na mchaichai, na jembe lililotumika pale naliosha kabla halijagusa upande mwingine.

Sasa je, ugonjwa ulitoka kwenye mabiringani au ulikuja na mbegu? Sikupata kujua, na hilo ndilo linaloniudhi. Mbatata ya sokoni inaweza kuwa nzima machoni na imebeba bakteria ndani. Tangu hapo, mbegu yoyote nikipewa, nakata mbili tatu kwanza. Ukiona duara la rangi ya kahawia ndani ya ngozi, au ukibonyeza kikatoka kitu kama usaha, rudisha zote. Tazama na macho ya nje: jicho lililogandiwa na udongo ambao hautoki hata ukiupangusa, lina jambo. Na zile ndogo zinazobaki chini ya polo (gunia), ambazo wapishi hawazitaki na muuzaji yuko radhi kukupa kwa bei ya kutupa, usizikimbilie. Ndogo nyingine ni ndogo kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa wa virusi, na mtoto atarithi.

Mara ya tatu shemeji yangu aliyeko Mbeya alininunulia kilo mbili za mbegu ya aina ya Kikondo kwa mkulima anayezalisha mbegu, si anayeuza za kula. (Mbegu inayovuka bahari ipitie kwa wakaguzi wa mimea. Usumbufu upo, lakini ukikumbuka ile glasi utaona nafuu.) Zilikuwa kama arubaini, kila moja sawa na yai la kuku, gramu 50 hivi. Ukubwa huo ndio unaoutaka, maana unazika nzima bila ya kukata. Huko kwenye baridi watu wanakata, wanaacha jeraha likauke siku mbili tatu kivulini mpaka lifanye ngozi, na inakubali. Kwetu udongo una joto na unyevu, kidonda kinaoza kabla hakijapona. Mimi sikati tena.

Nilizipanga kwenye trei za mayai, upande wenye macho mengi ukitazama juu, nikaziweka ukumbini karibu na dirisha, pana mwangaza lakini jua halifiki. Wiki tatu. Mbatata ikichipua gizani, chini ya kitanda au ndani ya polo, inatoa machipukizi marefu meupe kama minyoo, ukiyagusa yanakatika. Ikichipua kwenye mwangaza inatoa mafupi, manene, ya zambarau na kijani, yameshikilia kweli kweli. Na lile la kichwani likitangulia peke yake, livunje. Najua roho inauma. Lakini likibaki linawazuia wenziwe, utapata shina moja. Ukilivunja yanakuja matatu manne, na idadi ya mashina ndiyo inayoamua utafukua ngapi.

Nilipanda wiki ya kwanza ya Juni, kusi linavuma, usiku nyuzi zinashuka mpaka 21 au 22, na ndiyo baridi yetu yote hiyo. Upande wa pili wa uwa, chini ya mipapai, panapata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Udongo wetu hapa Fuoni una kichanga kingi, kwa hiyo nilichanganya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu. Mtaro wa sentimita 15, kina kidogo kuliko hapo joto la juu linafika. Kutoka mbegu hadi mbegu sentimita 30, mstari hadi mstari 75. Machipukizi juu, fukia kwa mkono si kwa jembe, halafu nyasi kavu juu ya tuta, unene wa viganja viwili. Nyasi hizo ndizo zilizofanya kazi kubwa kuliko yote: ukitia kidole chini yake saa saba mchana unakuta pamepoa, na hatua moja pembeni udongo unaunguza.

Mimea ilipofika shibiri moja nikapandisha udongo shinani, wiki tatu baadaye tena. Usiache mbatata ichungulie jua, inageuka kijani na chungu, na ile rangi inakuja pamoja na sumu, haifai kuliwa. Majani yalipoanza kuwa manjano nikaacha kumwagilia, nikangoja siku kumi ngozi ikomae.

Kilo nane. Kutoka kilo mbili.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini nilipopiga hesabu ya nauli ya mbegu, maji ya miezi mitatu na mgongo wangu, zile katlesi zilikuwa ghali kuliko pweza. Kwa hiyo shauri langu kwa anayeniuliza ni hili: panda mbatata mara moja kwa mwaka, kipupwe, mistari miwili mitatu, kwa raha ya kula mbatata uliyoifukua leo. Ukitaka chakula cha kuingia jikoni kila wiki, panda viazi.

Nasema viazi, vile vitamu. Shangazi yangu wa Donge, nilipompelekea gololi zangu za mwaka wa kwanza, alizigeuza geuza kiganjani akaniuliza, "Mwanangu, hizi umezitoa kwenye bao?" Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba akanikatia marando, yale mashina ya viazi vitamu yanayotambaa, ndiyo mbegu yake. Baadaye nikasoma kwamba hata neno batata, ambalo Wareno walitupitishia tukalifanya mbatata, mwanzo lilikuwa jina la kiazi kitamu kwa watu wa visiwa vya Karibea. Shangazi nilipomweleza akasema kwani yeye hakujua kiazi ni kipi.

Na huku nako nilikosea, maana baada ya marando yake kunyauka kwa uvivu wangu, nilinunua mzigo mwingine njiani bila ya kuuliza umetoka shamba gani. Miezi minne baadaye viazi vilikuwa na matundu, ukichemsha nyumba nzima inanuka, ukionja ni uchungu mtupu. Fukusi. Mdudu mwenyewe ni mdogo, mweusi, ukimwona haraka utadhani sisimizi aliyeota mdomo mrefu. Anataga mayai kwenye shina, chini, pale palipokomaa na kuwa pagumu kama mti. Ukikata mbegu ya kutoka sehemu hiyo unamhamisha fukusi kwa miguu yako mwenyewe.

Kwa hiyo shangazi anakata ncha tu. Anashika rando kutoka kwenye kichwa chake, anahesabu vifundo sita, kama sentimita 30, anakata kwa kisu chenye makali, na ule utomvu mweupe unaoganda mweusi kwenye vidole hauoshi mpaka amalize. Ukimpa kipande cha katikati atakipokea kama hana jinsi. Cha shinani anawatupia mbuzi.

Kabla ya kukata anazunguka shamba bila ya kisu. Anatafuta mmea ambao majani yake ni mapana na yamenyooka. Ukiona majani madogo, yamekunjamana, yana manjano, mmea umedumaa kati ya wenzake, huo una virusi vinavyoletwa na nzi weupe na vidukari. Anaung'oa hapo hapo. Na mmea anaoukubali anafukua kidogo pembeni atazame chini una nini, halafu anaufukia tena. Hilo ndilo nililojifunza kwake kuliko yote, na ndilo ambalo polo la sokoni haliwezi kukupa: kumwona mama kabla hujamchukua mtoto.

Marando yakishakatwa, yaache siku moja au mbili kivulini, yamefungwa kitambaa kibichi. Majani yatalegea, usiogope, vifundo vinaanza kutoa mizizi. Piga tuta refu mpaka chini ya goti. Udongo wa kinongo au wa kichanga unafaa; kinamo waachie mpunga, maji yanasimama viazi vinaoza. Zika vifundo vitatu kwa kuvilaza kidogo, vitatu vibaki nje, sentimita 30 kati ya mmoja na mwingine. Mbolea ya kuku weka mbali hapa pia, la sivyo utavuna matembele tu. Majivu ya jikoni yanafaa. Mwezi wa pili na wa tatu, viazi vinapovimba, tuta linapasuka. Nyufa hizo zizibe kila wiki, kwa sababu fukusi hajui kuchimba, anapita penye mlango. Kazi ya dakika kumi, na ndiyo iliyonitofautisha na jirani yangu ambaye alivuna vyenye matundu kwa mbegu ile ile.

Wanaotaka vya rangi ya chungwa, viazi lishe, kama Kiegea na Mataya, waulize kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo Kizimbani. Watoto wangu wanavipenda. Mimi kwenye nazi bado napenda cheupe kikavu, cha chungwa kinalainika sana.

Wakati nao una hesabu yake. Kiazi kinataka miezi mitatu na nusu mpaka mitano. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, 2026 ikaingia katikati ya Februari. Ukitaka kufukua vya futari usingoje vuli ikolee, matuta yawe tayari mwishoni mwa Septemba na mbegu iingie na mvua za mwanzo za Oktoba.

Tatizo ni kwamba Septemba ndipo marando yanapokuwa adimu, kila mtu anayatafuta. Mimi nimeweka kitalu kidogo nyuma ya choo cha kuogea, panapopita maji, upana wa mkeka mmoja. Hakifukuliwi kiazi pale, ni mbegu tu, na kila baada ya miezi michache nakipanda upya kwa ncha zake chenyewe. Anayetaka aje asubuhi kabla ya jua, na kitambaa chake kibichi, na asiniambie nimkatie ya shinani kwa sababu eti ni nene.