Uliza Tukujibu: kurusha kitabu kizima kwenye grupu ni haki yangu?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mi nina vitabu vingi vya PDF nawarushia watu kwenye grupu letu bure kabisa, sichukui hela ya mtu, sasa kuna jamaa kaniita mwizi mbele za watu. Si habari ni haki ya kila binadamu jamani? Wizi unatokea wapi?
Msomaji sugu

JIBU: Marahaba. Hapo umechanganya mambo mawili ndugu yangu. Habari iliyomo kitabuni haina mwenyewe, yani tarehe, takwimu, wazo, jinsi kitu kinavyofanya kazi, hivyo vyote chukua useme popote. Hakimiliki inalinda jinsi mwandishi alivyoyapanga maneno yake, kwa hiyo anayekukataza kurusha kitabu kizima hajakunyima habari. Tamko la Haki za Binadamu la 1948 kila mtu analitaja kifungu cha 19, kwamba una haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, ni kweli, lakini ukisoma mpaka cha 27 unakuta kila mtu ana haki ya kushiriki utamaduni na hapohapo mtunzi naye maslahi yake yalindwe. Sijui kwa nini watu huwa wanachoka kabla ya kufika huko.

Ila na huyo jamaa yako simuungi mkono moja kwa moja. Sheria ya Uingereza ya 1710 ilimpa mwandishi miaka 14 ya kulindiwa kitabu chake, ikiisha bado yuko hai anaongezewa 14 mingine, basi. Leo Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao ulianza 1886 ukawa unarekebishwa rekebishwa, unataka maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa, na Ulaya wameifanya 70. Sasa marehemu unamtia moyo aandike nini? Matokeo yake kuna vitabu kibao havichapwi tena, dukani havipo, na bado ukikopi una kosa. Mpaka wasioona ilibidi nchi zikae Marrakesh mwaka 2013 ziandike mkataba mzima ndo waruhusiwe kutengenezewa vitabu vya nukta nundu na vya kusikiliza bila kumwomba mwenye haki. Hapo mimi naona sheria imezidisha kabisa.

Kwa hiyo kitabu cha mwandishi aliye hai na kinauzwa acha kukirusha, watajie jina wakitafute. Kilichoisha muda, au mwenyewe kakitoa kwa leseni huru kama za Creative Commons, yani ruhusa ya maandishi watu wakisambaze, rusha mpaka simu ijae, ila leseni isome kwanza maana zina masharti.

SWALI: Niliweka video nachambua hotuba ya mtu mkubwa, nikaonyesha vipande vifupi tu vya hotuba yenyewe, ikashushwa eti hakimiliki. Huku si kuzibana midomo?

JIBU: Kama ni vipande tu vya kuchambulia, ndiyo, na hili linaniudhi kuliko la PDF. Berne hiyohiyo kifungu cha 10 inaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa, mradi usizidishe kuliko unavyohitaji na utaje chanzo. Shida ni sheria ya Marekani ya 1998, DMCA, ambayo mitandao mingi mikubwa inaifuata: mtandao ukishusha haraka baada ya malalamiko unakuwa umejikinga na kesi, sasa nani atajisumbua kuangalia kama mlalamikaji ana haki au anaficha aibu yake? Wanashusha kwanza. Unaweza kuwaandikia kupinga, na mlalamikaji asipoenda mahakamani inatakiwa irudi ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi. Lakini angalia hapa, barua ya kupinga inataka jina lako halisi, anwani na namba ya simu, na yote anapelekewa huyo uliyemchambua. Kama ni mtu wa kuogopwa fikiria mara mbili, au video irudie bila vile vipande, eleza kwa mdomo alichosema, maana maelezo yako ni yako.

SWALI: Habari niliyosoma gazetini naruhusiwa kuisimulia kwa maneno yangu?

JIBU: Ruksa. Tukio halina mwenyewe, we sema tu umeitoa gazeti gani. Picha yao ndo usiibebe.