Jibu: Dereva wa lori la maziwa alivyopima maziwa shambani

Ndugu, umeuliza jinsi dereva wa lori la tangi nchini Uingereza alivyojua kiasi cha maziwa aliyochukua kwa mfugaji, kabla ya mita za kielektroniki kuenea. Alitumia fimbo ya chuma yenye alama. Kila tangi la baridi la shambani lilikuwa na fimbo yake na jedwali lake, kwa hiyo dereva aliifuta fimbo, akaichovya maziwa yakiwa yametulia kabisa, akasoma alama na kutafuta ujazo wake kwenye jedwali. Kabla ya hapo alikuwa amefunua kifuniko na kuyanusa maziwa, kisha akatazama kipimajoto. Yakiwa na harufu mbaya aliyakataa, maana maziwa ya mfugaji mmoja yangeweza kuharibu shehena nzima ya majirani zake. Baada ya kupima ndipo yalipokorogwa, sampuli ikachotwa na mpira wa pampu ukaunganishwa.

Ile mikebe ya maziwa ya galoni 10 uliyoitaja pia katika swali lako, iliyotumika kabla ya matangi kuenea, ambayo ikijaa ilizidi kilo 50 na ilihamishwa kwa mikono kutoka jukwaa la kando ya barabara, iliachwa kukusanywa England na Wales mwaka 1979, enzi za Milk Marketing Board, bodi iliyosimamia soko la maziwa kuanzia 1933 hadi 1994. Binafsi naona mikebe hiyo husifiwa mno na watu ambao hawakuwahi kuisukuma.

Kuhusu uendeshaji, matangi mengi ya malori ya maziwa hayana kuta za ndani za kuzuia maziwa kuyumba, ili yaoshwe kwa urahisi, hivyo tangi likiwa nusu, maziwa hulisukuma lori mbele kwa nguvu dereva anapofunga breki.