Muulize Fundi: Breki zinakwaruza nikishuka na ndizi

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha Hilux ya baba, mbele ina diski na nyuma ina dramu. Nabeba mikungu ya ndizi kutoka Mwika hadi soko la Mbuyuni, Moshi mjini. Siku hizi nikikanyaga breki, gurudumu la mbele kushoto linatoa sauti ya chuma kusaga chuma na pedali inatetemeka. Pedi za mbele nilibadilisha juzi juzi tu, na zilizotangulia nazo hazikudumu. Fundi mmoja anasema ninunue pedi za bei kubwa. Mwingine anataka kuziba breki za nyuma kwa sababu eti hazifanyi kazi. Nishike lipi?
Kijana wa Mwika

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza, usishuke tena na mzigo kabla gari halijafunguliwa. Ndizi zitakusubiri mgombani.

Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachogusa diski pale nyama ya pedi inapobaki kama milimita 3, ndipo unasikia mluzi mkali. Ule mluzi ni taarifa tu, bado una muda wa kutafuta spea. Kwako tumeshapita hapo. Nyama imekwisha, na sasa bati la pedi linakula diski.

Egesha mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, legeza nati tairi likiwa bado chini, ndipo uinue. Chini ya chesisi weka stendi au gogo zito. Tofali hupasuka bila kukuaga, na jeki peke yake siiamini hata ikiwa mpya. Diski ikishapoa, pitisha ukucha kuanzia katikati kwenda ukingoni. Ukucha ukinasa kwenye mifereji, pedi mpya juu ya diski hiyo ni hela ya kutupa, maana zitagusa matuta tu. Kwenye diski penyewe kumegongwa unene wa chini unaoruhusiwa, kwa milimita. Mpe fundi mwenye venia, kile kifaa cha kupimia unene, apime mbele yako. Kama baada ya kukerezwa itabaki juu ya kipimo hicho, ikerezwe. Kama haitafika, nunua diski mbili, ya kushoto na ya kulia, na pedi za pande zote mbili. Hilo litaondoa na mtetemo wa pedali, ambao mara nyingi unatokana na diski yenye unene usiolingana.

Kabla hujazitupa pedi za zamani, zilinganishe. Ikiwa moja imekwisha kabisa na mwenzake wa gurudumu hilo hilo bado ni nene, pistoni ya kalipa (kile chombo kinachozibana pedi kwenye diski) imekwama, au pini za kutelezea zimeshika kutu. Pedi mpya zitakufa vile vile. Kalipa ukiifungua usiiache ininginie kwa mpira wake wa mafuta, ifunge juu kwa waya. Na vumbi lile usilipulize kwa mdomo, osha kwa maji na sabuni.

Sasa nije kwenye barua yako, maana jambo lenyewe nadhani haliko mbele. Mtu anayemaliza pedi za mbele kila mara, na anaambiwa breki za nyuma hazifanyi kazi, anabebesha mbele kazi ya magurudumu manne. Muulize mzee: gari liliongezewa majani ya springi ili libebe zaidi? Pikapu nyingi za mizigo huku kwetu zimeongezewa. Chungulia chini ya bodi, karibu na ekseli ya nyuma. Kwenye Hilux nyingi utaona vali yenye fimbo inayounganishwa na ekseli. Mzigo ukiongezeka, chesisi inashuka, fimbo inaisukuma vali, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Springi zikiongezwa, chesisi haishuki kama zamani. Vali inadhani huna mzigo, inaibania nyuma mafuta, na wewe unateremka kuelekea Himo na shehena nzima ikitegemea diski mbili za mbele. Fimbo ile ina marekebisho. Wakati mwingine nakuta imeshika kutu, au imefungwa kwa waya na mtu aliyechoka kuitafutia dawa.

Fungua na dramu zote mbili. Tazama breki shuu, zile zinazobana dramu kwa ndani: zimebaki na nyama? Zimelowa? Zikilowa mafuta mazito ya difu (gia za ekseli ya nyuma), sili ya ekseli inavuja. Zikilowa mafuta mepesi ya breki, ni silinda ndogo ya gurudumu. Shuu zilizolowa hazioshwi, zinabadilishwa. Angalia pia kirekebishi kama kinazunguka, maana kikikwama shuu hazisogei tena kuifuata dramu.

Kuziba breki za nyuma nakukataza kabisa. Anayekushauri hivyo hatakuwemo kwenye gari siku hiyo.

Mwisho, mafuta ya breki. Yananyonya unyevu hewani. DOT 3, aina moja ya mafuta hayo, ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140, na mteremko wenye mzigo unafika huko. Yakichemka, pedali inazama hadi sakafuni. Yabadilishe kila baada ya miaka 2 na utoe upepo magurudumu yote. Oili ya injini usiweke humo hata tone, itavimbisha mipira yote. Ukimaliza, pampu pedali mpaka iwe ngumu kabla ya kuondoka, na siku za kwanza shuka mtupu. Ukianza kubeba, shuka na gia ndogo tangu juu ya mlima, usisubiri breki zianze kunuka.

SWALI: Niko Sakina, Arusha. Asubuhi baada ya mvua breki zinakwaruza, nikifika barabara kuu kimya. Ni ugonjwa?
Msomaji wa Sakina

JIBU: Hapana. Diski ni chuma, usiku mmoja wa mvua unatosha kuweka kutu nyembamba, na pedi zinaifuta unapokanyaga mara chache. Ikiendelea hadi mchana, ndipo uje.

SWALI: Pikapu yangu inakwaruza hata nisipogusa breki, tangu nipite njia ya changarawe Monduli. Fundi anasema beringi.
Dereva, Monduli

JIBU: Beringi mara nyingi huvuma, na mvumo hubadilika ukikata kona kushoto au kulia. Mkwaruzo wa ghafla baada ya changarawe, mimi huanza na kokoto iliyonasa kati ya diski na bati la kukinga vumbi. Rudi nyuma taratibu mita chache, wakati mwingine inadondoka yenyewe. Isipodondoka, toa tairi, lisogeze bati kidogo kwa bisibisi, itoe, kisha ulinyooshe lisiguse diski. Kabla hujarudisha tairi, zungusha diski kwa mkono usikilize.