Kalkulasi ya Fomu Siksi Inatosha Kumsoma Lagrange

Juzi kijana mmoja wa Kondoa ameniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimemaliza PCM, najua kudiferenshieti na kuintegreti basi. Umakanika wa Lagrange nitauweza?"

Umakanika huo ni njia ya mwanahisabati Lagrange ya kutafuta mwendo wa vitu kwa kutumia nishati badala ya nguvu. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo niliuliza mimi nikiwa mwaka wa pili hapa Dodoma, na mhadhiri akanijibu mbele ya darasa zima: "Wewe rudi kwanza kwenye hesabu." Watu wakaangua kicheko. Sapu, yaani mtihani wa kurudia, nikaipata kweli.

Likizo ile sikwenda nyumbani. Nilibaki chumba cha kupanga Makulu, vumbi likipenya chini ya mlango, nikiwa na swali moja tu: pendulamu. Kwa Newton utahangaika na mvuto wa kamba. Kwa Lagrange unachukua nishati ya mwendo, unatoa nishati ya mahali, habari za kamba huzisikii tena. Na kalkulasi yake? Herufi moja unaiachia ibadilike, nyingine unazigandisha. Basi.

Kilichonikwamisha wiki 3 hakikuwa hesabu. Unaambiwa ile tofauti ya nishati uidiferenshieti kwa pembe, halafu kwa kasi ya pembe, kana kwamba hazijuani. Nikawa nabishana na daftari: kasi si inatokana na pembe hiyohiyo? Usiku mmoja nikafunga kufuli kwenye uzi wa mita 1, nikalining'iniza darini. Nikalishika palepale, mara nikalisukuma polepole, mara kwa nguvu. Pembe ileile, kasi tofauti! Kumbe mwanzoni kila moja unaichagua utakavyo. Zinakuja kufungwa pamoja pale unapodiferenshieti kwa muda. Nililihesabu lile kufuli: kwenda na kurudi mara 10, sekunde 20.

Chuoni kwetu sapu kikomo chake ni C. C yangu siibadilishi na A ya mtu.

Sasa nyie vijana mnapakua vitabu kumi, hamfungui daftari. Fanyeni kwa mkono. Lagrange mwenyewe mwaka 1788 alijisifu kuwa kitabu chake hakina mchoro hata mmoja. Wewe usimuige, chora. Halafu fanya kwa mkono tena.

Mdogo wangu wa Kondoa, marahaba. Ukimaliza pendulamu, funga kufuli la pili chini ya la kwanza: pembe 2, milinganyo 2. Jibu usinitumie. Nitumie picha ya kurasa ulizofutafuta.