Mgonjwa wa Akili Anapochukuliwa na Askari

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mdogo wangu anaugua maradhi ya akili. Alikaa siku kadhaa bila kulala, kisha usiku mmoja akawa anagonga milango ya watu mtaani kwetu Langoni, akilia kwamba anafuatwa. Jirani aliita askari, wakamtia pingu na kumlaza mahabusu bila dawa zake. Je, sheria inawaruhusu? – Dada Mtu, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu, na pole. Kumchukua wanaruhusiwa, lakini si kwa ajili ya kumfungia. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya kinampa mkuu wa kituo, na hata chifu, uwezo wa kumchukua mtu ambaye wao wanaamini kuwa ana maradhi hayo na ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, ilimradi afikishwe hospitalini ndani ya saa 24 “au muda unaofaa”, maneno ambayo kwa maoni yangu yanaacha mwanya mpana mno. Kuhusu pingu, Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa ya 2011 inamtaka askari aanze na njia zisizo za nguvu.

Hapa Lamu kuna na bahari. Mgonjwa anayepelekwa bara huvushwa kwa boti hadi Mokowe, na aliyefungwa mikono kwa nyuma hana cha kujiokolea boti ikipinduka. Waelezeni askari hilo bila kugombana, mkiomba jamaa anayemsikiliza akae ubavuni mwake.

Jirani simlaumu, usiku ule angemwita nani? Mdogo wako akiwa na nafuu, kaeni naye muandike jina la maradhi, dawa anazotumia, kliniki yake na simu ya mtu wa nyumbani, kisha nakala mmpe chifu, mkuu wa kituo na jirani huyo huyo, ili anayepiga simu aseme tangu mwanzo kwamba kuna mgonjwa, si mwizi. (Kisomo cha dua kiendelee, ila kisimkatishe dawa.)

Akitishia kujiua, msifiche kwa kuogopa kesi: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Kama alipigwa, atibiwe kwanza, daktari ajaze fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, kisha malalamiko yapelekwe IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Wewe unaweza kuyawasilisha kwa niaba yake.